Wiki Saba za Kujibu Salama

Mwaka huu nimetundika ngata yangu ya kubebea magunia ukutani, juu ya redio. Mke wangu amesema itakusanya vumbi. Acha ikusanye, imebeba vizito kuliko vumbi. Ninyi mlioingia ghalani juzijuzi mkipita mbele ya baraza yangu mnasema "Shikamoo mzee", halafu mkifika kwenye kona nawasikia mnanong'ona, "Huyu ndiye yule." Ndiyo, ndiye. Niliishia darasa la tano, kwa hiyo mkikuta alama imekaa mahali pasipo pake mjue nimeandika mwenyewe, sikuandikiwa na mtu. Na mengi humu ni ya mgongo, kwa sababu mgongo ndio ofisi ya mpakizi. Ukiuharibu umefunga ofisi, na ufunguo umeumeza.

Nilizaliwa Lukuledi, nyuma ya misheni. Baba yangu alitaka nisome niwe mwalimu. Mimi nilitaka kula. Nilipopata shingo ya kutosha nikaenda Masasi, kwenye ghala la korosho, nikasema nataka kazi. Wakaniuliza unajua nini. Nikasema najua kila kitu. Wakanitwika gunia la kilo themanini, na hatua ya nne gunia likanibeba mimi. Nililala chini yake kama chapati, nasikia watu wanacheka, na mtu mmoja anasema kwa upole kabisa, "Mwondoleeni mzigo, msimwondoe yeye. Huyu ana miguu."

Huyo alikuwa Mzee Likwata. Mtu mfupi, mwembamba, ukimwona ungempa kazi ya kuhesabu kuku. Lakini alipanda ubao wa lori na gunia kichwani huku anaongea habari za shamba lake, na hahemi. Ndiye aliyenifundisha kusokota ngata kwa khanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka imesahau maua yake, kwa sababu khanga mpya inateleza. Akanifundisha kutumia kulabu bila kutoboa gunia. Akanifundisha kutikisa korosho kiganjani na kusikiliza: zilizokauka zinagongana kwa sauti kavu, zenye unyevu zinanong'ona. Mpaka leo mnaweza kunifumba macho na nitawaambia gunia lipi litarudishwa na mpima. Kuna wenye vyeti wasioweza hilo.

Na aliniambia neno moja ambalo nilipaswa kulishika zaidi ya nilivyolishika: "Beba kwa miguu. Mgongo ni abiria tu, usimpe usukani."

Mzee Likwata pia ndiye aliyeniachia desturi ya kundi letu. Siku ya kufungua msimu, kiongozi wa kundi hubeba gunia la kwanza, kutoka kwenye mizani hadi ndani ya lori, bila kutua. Akishindwa, hakuna maneno wala kikao. Atakayelibeba gunia hilo ndiye kiongozi. Likwata alilibeba mpaka nywele zikawa nyeupe, kisha mwaka mmoja akalitazama, akanitazama, akaenda kukaa kivulini. Nikalibeba mimi.

Baadaye nilipanda Newala, nikaoa kijiji cha Mkunya, nikaunda kundi langu la watu wanane. Hakuna aliyenisaidia. Basi, mke wangu alinisaidia, na baba mkwe alitupa kiwanja cha kujenga kando ya barabara ya Masasi, na kaka yake mke wangu akatoa mbao. Ukiondoa hao, hakuna. Tulipakia malori mpaka madereva wakawa wanauliza, "Kundi la Baba Fadhila lipo?" kabla ya kuuliza mzigo upo. Safari moja lori lilizama kwenye matope, mvua inakuja kutoka upande wa Ruvuma, tunaiona. Tukashusha magunia yote, tukasukuma gari, tukayarudisha yote, na turubai likafungwa tone la kwanza linaanguka. Dereva alitaka kunibusu. Nikamwambia anipe mkono tu.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana mtu asiye na kosa hana cha kufundisha.

Wakati wa msimu malori huja saa yoyote, na kundi linalokuwepo ndilo linalopata kazi. Kwa hiyo tulilala palepale ghalani, juu ya magunia. Mimi nilikuwa naamka hata paka akipita. Nikalifanya hilo kuwa sifa. Nilikuwa nasema, "Usingizi ni wa wenye magodoro." Watu wakicheka naongeza chai ya rangi, nyeusi tii, sukari mpaka kijiko kinasimama. Neno lile liliwakaa vijana wengi vichwani. Naombeni radhi wote niliowaambia. Lilikuwa tamu mdomoni, lakini lilikuwa ujinga.

Maumivu yalianza taratibu, kama mgeni anayesema hakai. Asubuhi kiuno kinakataa, mchana kinakubali. Ikapita miaka hivyo. Halafu msimu mmoja unaisha, tumeshapakia gunia la mwisho, nikainama kuokota sindano ya kushonea magunia. Sindano! Tangu lile la kwanza magunia hayakuniangusha tena, kikaniangusha kipande cha chuma cha urefu wa kidole. Nilibaki nimeinama hivyohivyo. Nikapelekwa nyumbani kwenye mkokoteni, natazama ardhi njia nzima, nawatambua watu kwa viatu vyao.

Nilikandwa kwa maji ya moto, nikachuliwa kwa mafuta, nikanywa mizizi ambayo uchungu wake ulinisahaulisha mgongo kwa dakika kumi. Miezi ikapita. Nilikuwa naweza kutembea, lakini ndoo ya maji nusu ilinitoa machozi. Na ghalani tayari kulikuwa na mazungumzo. Katika kundi langu alikuwepo Nachinga, kijana wa mabega kama mlango, mchapakazi, mdomo haufungi. Alikuja kunitazama, kanivutia kiti, kakaa yeye.

"Shikamoo kaka mkubwa. Kiuno?"

"Marahaba. Kipo."

"Najua kipo. Nauliza kina mpango gani. Msimu ukifunguliwa gunia la kwanza halitajibeba."

"Nitalibeba."

"Na nani?"

"Na wewe ukiwa umesimama pembeni umefunga mdomo, kama utaweza."

Akacheka. Nami nikacheka, lakini cheko langu liliishia kifuani. Nilijua hesabu yake ni sahihi. Nisipopona kabla ya kufungua msimu, kundi linakwenda kwa Nachinga, na Baba Fadhila anabaki kuwa mtu wa kusimulia. Kwa umri wangu ule sikuwa tayari kuwa mtu wa kusimulia.

Mke wangu akanipeleka hospitali. Nikakabidhiwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mmoja anaitwa Rehema, umri wa Fadhila wangu. Nikajisemea, huyu ataninyoosha nini, hata debe hajabeba. Nilikosea. Alinigusa uti wa mgongo kama ninavyogusa mimi gunia, kwa kujua kilichomo. Akanipa mazoezi: kulala chali na kuinua kiuno, kupiga magoti na kunyoosha mkono na mguu kama jogoo anayejinyoosha, kutembea kila asubuhi. Akasema nirudi kila Alhamisi.

Nilifanya mazoezi yale kwa bidii kuliko mgonjwa yeyote wa wilaya hii, na hilo hata yeye atakubali. Kila Alhamisi nafika, nimeoga, nimevaa shati la kanisani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Umelalaje?"

"Salama. Wewe umelalaje?"

"Salama, namshukuru Mungu."

Anaandika kwenye fomu. Halafu ananipima nainama wapi, nageuka wapi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wiki ya nne akaongeza mazoezi. Nikazidi kuumia. Wiki ya tano akabadilisha, nikaumia kwa namna mpya. Wiki ya sita alikaa anaangalia fomu yake, kalamu mdomoni, kama mpima anayeona mizani na gunia havielewani.

"Baba, mazoezi unafanya kweli?"

"Muulize mke wangu. Muulize jirani. Kuku wamehama ua kwa ajili yangu."

"Sasa mbona mwili haupokei? Mtu anafanya mazoezi, anakula, anapumzika vizuri usiku... Ikifika wiki ijayo hujabadilika nitakuandikia rufaa. Ukapigwe picha kwenye hospitali kubwa, wao waamue."

Nikamuuliza rufaa inachukua muda gani. Alivyonijibu, nikaona msimu unafunguliwa na mimi nipo kwenye benchi la watu wengine, mji mwingine, nimeshika karatasi.

Alhamisi ya saba mke wangu akasema anakuja. Nikamwambia hakuna haja. Akasema haja ataijua yeye. Tukaingia wote wawili, akaketi pembeni, kashika mkoba magotini.

"Shikamoo baba, shikamoo mama."

"Marahaba."

"Baba, umelalaje?"

"Salama, mwanangu. Wewe um..."

"Salama ya wapi?" Mama Fadhila akaruka. "Salama ya wapi, Baba Fadhila? Huyu mtu halali, dada! Mwezi wa ngapi huu halali! Usiku mzima yuko macho anasikiliza malori. Likipita moja ananigusa, 'Mama Fadhila, hilo limebeba.' Likipita jingine, 'Hilo tupu.' Mimi nayajua malori ya Newala yote kwa sauti, na sijawahi kuomba kuyajua!"

"Mke wangu, mtu amenisalimia..."

"Halafu mchana analala chini ya mkorosho mpaka nzi wanamhurumia. Jioni anakunywa chai nyeusi hiyo, birika zima. Ndiyo salama yake hiyo."

Rehema akaweka kalamu chini. Akanigeukia.

"Baba. Mimi nilikuwa sikusalimii. Nilikuwa nakuuliza."

"Umeniuliza umelalaje!"

"Ndiyo."

"Mtu akikuuliza umelalaje unajibu salama! Hata kama nyumba imeungua, unasema salama kwanza, halafu ndiyo unasema lakini nyumba imeungua. Mimi nimelelewa."

"Na ile 'lakini' mbona hukuisema?"

"Ulikuwa umeshaanza kuandika."

Akavuta fomu, akaifungua mbele yetu. Mstari wa usingizi: salama, salama, salama, wiki sita zimepangana kama magunia. Akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa mkono, akashindwa. "Hata mimi nimekosea," akasema. "Nimejaza salamu kwenye fomu ya hospitali." Mke wangu akacheka mpaka mkoba ukaanguka. Mimi nilichelewa kidogo, lakini nilipoanza, mgongo uliniuma kwa kicheko, na yalikuwa maumivu ya kwanza mwaka ule niliyoyapenda.

Tulipotulia akatueleza, na hapa vijana sikilizeni, maana ndicho nilichokaa kuandika. Alisema mwili ni kama ghala. Mchana mnapakia na kushusha, vitu vinachanika, mbao zinalegea. Mafundi wa kurekebisha huingia usiku tu, mlango ukifungwa na taa ikizimwa. Mtu asiyelala anawaacha mafundi nje. Kesho anapakia tena juu ya kilichochanika. Akasema mazoezi yenyewe ni kazi, na misuli inapata nguvu ikipumzika, si ikikimbizwa. Ndiyo maana kila alipoongeza, mimi niliumia.

Na jambo la pili. Alisema maumivu yana sauti kama redio, na anayekosa usingizi anaongeza sauti mwenyewe. Mgongo unaweza kuwa uleule, haujaharibika zaidi, lakini ukilala vibaya unausikia unapiga kelele. Kisha kelele zile zinakunyima usingizi wa kesho. "Ni duara, baba. Mgongo unaiba usingizi, kukosa usingizi kunauonea mgongo. Umehangaika na upande mmoja tu."

Nikamuuliza, "Sasa rufaa?"

"Rufaa ipo, nikiona dalili mbaya nitaiandika leo hiihii. Sizioni. Nipe wiki nne za usingizi wa kweli kwanza."

Wiki nne. Baada ya hapo ilibaki kidogo sana kufika siku ya msimu.

Sikilizeni jinsi nyumba yangu ilivyopinduliwa. Chumba chetu kilikuwa mbele, kinatazama barabara. Chumba cha nyuma kilikuwa cha madumu ya maji, na ninyi wa Newala mnajua dumu lina heshima gani hapa penye shida ya maji; kuna nyumba madumu yana chumba na watoto hawana. Mama Fadhila akahamisha kitanda nyuma na madumu mbele. Wageni wakija wanaketi katikati ya madumu kama wako dukani. Chai ya rangi ikakoma saa kumi jioni. Baada ya hapo ni maji au uji. Chini ya mkorosho marufuku. Nikisinzia tu mchana, mke wangu ananipa mbaazi nizichambue, na mbaazi za nyumba ile nilizichambua mpaka zikaisha nikapewa za jirani. Kulala saa ileile kila usiku, kuamka saa ileile kila asubuhi. Kulala kwa ubavu, na mto katikati ya magoti. Nilikataa ule mto. Nikasema mwanamume halali na mto magotini. Mke wangu akasema basi mwanamume akalale na madumu. Nikauweka.

Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Nilikaa gizani nasikiliza kimya, na kimya kina kelele kuliko lori la tani thelathini. Rehema alisema nisilale nikipigana na kitanda. Niamke, nikae kitini, nirudi usingizi ukija. Nikakaa. Wiki ya pili nikataka kuacha. Nachinga alipita akaniona nachambua mbaazi.

"Kaka, ndiyo matibabu?"

"Ndiyo."

"Zikipona niite."

Nikamrushia mbaazi moja mbovu, nikaendelea kuchambua.

Wiki ya tatu, asubuhi moja, nilifungua macho na jua limeshaingia. Nikabaki nimelala natazama dari, natafuta kitu kilichopungua. Nikajua: usiku kucha sikuwa nimesikia lori hata moja. Nikaketi. Nikasimama. Kiuno kiliniuma, ndiyo, lakini kwa sauti ya redio ya nyumba ya pili. Nikaenda uani nikainua dumu moja, Mama Fadhila ananitazama kupitia mlangoni, mkono kifuani. Nikalitua. Nikaliinua tena, kwa ajili yake.

Kuanzia hapo mazoezi yalianza kuingia. Yaleyale! Rehema akaniongezea taratibu: kiroba cha mchanga kilo kumi, ishirini, arobaini, nikichuchumaa, nikiinuka kwa miguu. Alipoona ninavyoinuka akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia Mzee Likwata. Akasema huyo mzee angefaa kufundisha chuoni kwao. Nikamwambia hata mimi nafaa. Alhamisi ya mwisho alinikabidhi ruhusa yake: gunia moja, la kutwikwa na watu wawili, si kuinua peke yangu kutoka chini, na kwa siku hiyo liwe hilo moja. Akasema hajapenda sana, lakini ameona siku hiyo nitakwenda kwa vyovyote, heri niende nikiwa tayari.

Siku ya kufungua msimu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Watu wa vyama vya msingi vya ushirika wamefika, mpima amefika, lori limerudi nyuma mpaka kwenye ubao, magunia yamepangwa. Kundi langu limefika. Nachinga amefika na fulana mpya.

Mimi sijafika.

Saa kumi na mbili na nusu, sijafika. Nachinga akasema, "Jamani, gari halisubiri kiuno cha mtu," akaenda kwenye gunia la kwanza. Mzee mmoja wa kundi letu, Chilemba, mtu asiyesema maneno kumi kwa wiki, akaenda akakaa juu ya lile gunia. Akakunja mikono. Mwingine akaja akakaa pembeni yake. Walibaki hivyo, wawili juu ya gunia moja, mpima anapiga kelele, dereva anapiga honi.

Na mimi? Nilikuwa chumba cha nyuma, mto magotini, nakoroma. Mama Fadhila alikuwa amesimama mlangoni tangu alfajiri. Nilipofungua macho na kuona jua lilipo, niliruka.

"Mbona hukuniamsha!"

"Dada Rehema alisema usingizi ni dawa. Dawa haikatizwi katikati ya dozi."

"Mama Fadhila, msimu!"

"Vaa suruali, Baba Fadhila. Bodaboda yuko nje, nimemwita."

Nilifika saa moja na nusu, alama ya mto imejichora shavuni, kifungo kimoja cha shati kimeruka nafasi. Watu wakageuka. Chilemba akainuka kwenye gunia bila haraka, akalipangusa vumbi kwa kiganja. Nikaweka ngata kichwani. Chilemba na mwenzake wakanitwika. Nikahisi uzito ule niliokuwa nimeukosa, ukashuka kichwani, shingoni, ukapita mgongoni kama abiria mwenye adabu, ukafika miguuni. Nikatembea. Nikapanda ubao, unayumba, nami nayumba nao. Ndani ya lori nikatua gunia mahali pake, kona ya kulia, kwa upole wa kuweka mtoto.

Nilipogeuka, Nachinga alikuwa amesimama chini ya ubao. Alinitazama juu mpaka chini, akatafuta kosa la kunishika nalo.

"Umechelewa, kaka," akasema.

"Nilikuwa nimelala," nikamjibu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mizani, na sijawahi kujisifia kitu kwa haki kama siku ile.